Waliandika Mali, Wakamwaga Siri

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nyumba yangu imekuwa msiba usio na maiti. Mimi ni fundi cherehani, gari langu lilivutwa na polisi kwa kuziba lango la zahanati nilipopeleka sare za wauguzi, nikalifuata kituoni pamoja na mchumba wa wifi yangu aliyejitolea kunisindikiza, na askari akasema lazima waandike vyote vilivyomo, "usije kesho ukasema tumekuibia," nami nikakubali, lakini alipofikia mkoba wa wifi aliousahau garini, uliotiwa kufuli, nikamwambia huo si wangu, andika tu mkoba mmoja, akacheka, akavunja kufuli kwa bisibisi, akamimina vitu vyote juu ya boneti, akainua chupa na kusoma kwa sauti, "Dawa za kifafa! Nani anaanguka hapa?" Wote wakanikodolea macho, nikasema, "Si zangu jamani, za wifi!" Mchumba akaondoka kwa miguu bila kuaga, na jioni ile ile uchumba ukavunjwa kwa simu. Wifi alikuwa amepanga kumwambia mwenyewe. Sasa hanisemeshi, mume wangu analala sebuleni, mama mkwe ananiita redio mbao. Je, sheria inawaruhusu? Nataka kuwashtaki, wifi ajue kosa si langu.

Fundi mwenye uchungu

Fundi, pole. Polisi huandika vilivyomo kwenye gari wanalolishikilia ili visipotee, nao wasisingiziwe. Hilo lina maana. Lakini kuandika si kupekua. Mkoba una kufuli, mwenyewe hayupo, hakuna kosa linalochunguzwa. Bisibisi ya nini? Kama sheria ya kwenu inaruhusu kufungua, muulize wakili, au nenda kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Ila sijaona sheria inayomtuma askari kutangaza maradhi ya mtu mbele ya watu.

Sasa nawe. Askari alivunja kufuli. Mwenye dawa ulimtaja wewe. Ungenyamaza. Ungesema, "Hayakuhusu." Ukaogopa kudhaniwa mgonjwa, ukamtanguliza mwenzio. Na hiyo kesi unayoitaka ni ya kumsafisha nani? Mkoba ni wa wifi, kesi ni yake. Kamwombe radhi, na usithubutu kusema "lakini askari". Akifunga mlango, omba ukiwa nje. Mwambie akitaka kushtaki utakuwa shahidi wake, na utaeleza yote, hata maneno yako. Asipotaka, funga mdomo.

Huyo mchumba msimfuate. Aliyekimbia chupa angemkimbia mgonjwa mwenyewe. Wifi yako hamlilii mume, mama. Anaililia siku aliyokuwa ameipanga, aseme mambo yake kwa mdomo wake. Hiyo hakuna hakimu wa kumrudishia.