Sekunde Arobaini za Deo

Jumatatu, 3 Machi

Uji saa moja. Dawa tatu, ile nyeupe imekwama kooni kama kawaida. Koku amefungua dirisha, ameuona ukungu, amelifunga tena. Miguu imevimba kuliko jana. Daktari alisema moyo umechoka. Alilisema taratibu, kama anayemwambia mtoto kwamba mvua itanyesha.

Naishi katika nyumba ya marehemu mdogo wangu, Deo, tangu mwaka jana. Anayenihudumia ni Koku, mjane wake. Sina mke, sina mtoto. Nilikuwa na kazi. Miaka thelathini katika nchi ya baridi niliandika programu za kubana video: kuichukua picha nzito, kuikunja iwe nyepesi, kuipitisha hewani na kuikunjua upande wa pili kabla mtu hajapepesa macho. Hapa Nyakatuntu wanasema mimi ndiye niliyetengeneza simu za kuonana. Si kweli. Nimechoka kukanusha.

Nimesinzia asubuhi yote. Migomba ilikuwa inaelea nje ya dirisha, haina mashina.

Alasiri amekuja Asimwe, binti wa Deo na Koku, kutoka Omurushaka. Ana steshenari kule. Shikamoo baba mkubwa, kisha akatoa simu ya baba yake ndani ya khanga. Ile yenye kioo kilichopasuka. Jumamosi ya wiki ijayo ni misa ya kumbukumbu, miaka sita sasa, na anataka watu wamwone Deo akitembea na kusema. Ndani ya simu kuna faili moja kubwa la video lisilofunguka. Tarehe yake ni ile siku niliyoongea na Deo mara ya mwisho.

Sikujua kwamba alirekodi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Asimwe halifunguki.

Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Baba mkubwa! Wewe mwenyewe wa video, unashindwa na kasimu ka bei rahisi ka soko la Murongo?" Koku akadakia kutoka jikoni: "Mwache shemeji yangu, labda na yeye chaji imemwishia." Wakacheka. Nikacheka nao.

Linafunguka. Niliujua ugonjwa wake mara moja. Simu ilizimika kabla ya kurekodi kumalizika, kwa hiyo ile orodha ya mwishoni, inayosema kila picha imelala wapi, haikuandikwa. Picha zenyewe zimo. Ukipata video nyingine nzima kutoka simu hiyohiyo, unaifanya kielelezo na kuijenga orodha upya. Kazi ya siku moja. Mbili kwa mzee.

Wameniamini kwa sababu mimi ndiye mjuzi. Hata siku ile waliniamini kwa sababu hiyohiyo.

Alhamisi, 6 Machi

Sijawahi kuliandika hili. Naliandika.

Deo alikuwa amelala chumba hikihiki. Ini lilikuwa limekwisha. Alinipigia mchana, nikamwona: mashavu hayapo, macho makubwa kama ya mtoto. Akasema, "Kaka, njoo wiki hii. Sikuiti uje kunizika. Njoo nikuone."

Nilikuwa na likizo. Nilikuwa na nauli. Hakuna aliyenizuia. Niliogopa tu. Niliogopa mwili wake, harufu ya chumba, yale macho. Sikuweza kusema ndiyo, na hapana sikuweza kuisema.

Nikatulia.

Sikupepesa macho. Mdomo niliuacha wazi kidogo, kama neno limekatikia humo. Nilijua vizuri picha inavyokwama mtandao ukiishiwa nguvu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nikajifanya picha iliyokwama. Nikamsikia akisema, "Kaka amekwama," akacheka. Nilihesabu sekunde arobaini, nikakata. Kisha nikamwandikia: mtandao mbaya huku.

Siku ya tisa alifariki.

Nilikuja kuzika. Msibani walinipa pole mbili, ya mdogo wangu na ya mtandao. Mzee mmoja alisimama akasema: aliyetengeneza njia, njia imemnyima. Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Na mimi nikatikisa changu.

Ijumaa, 7 Machi

Ndoto ya mchana. Shamba la mama, mteremko, udongo umelowa. Tunapanda maharage. Mama ametupanga kama zamani: mimi safu ya juu, Deo safu ya chini yangu. Kila shimo la chini lazima likae katikati ya mashimo mawili ya juu, ili maji ya mvua yasipate njia ya kushuka moja kwa moja. Kwa hiyo wa chini haanzi mpaka wa juu ametangulia mashimo mawili. Baada ya hapo wote wanakwenda pamoja, mshazari, kama bata.

Ofisini tulikuwa na tatizo la namna hiyo. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ina viini vinane vinavyofanya kazi kwa pamoja, picha ni moja, na kila kiini kinataka kazi. Ukiigawa picha kwa safu, safu ya chini inahitaji kujua yaliyoamuliwa juu yake na mbele kidogo. Jibu: ya juu itangulie vipande viwili, ya chini ifuate. Wenzangu walikuwa na jina refu la mpangilio huo. Mimi nikauita maharage ya mama, kimoyomoyo.

Katika ndoto nilisimama, jembe mkononi, sichimbi. Deo chini yangu alikuwa anangoja. Alinitazama tu. Maisha yake yote alinitazama hivyo.

Nimeamka mto umelowa.

Jumapili, 9 Machi

Koku na Asimwe hawakwenda misa ya kwanza, mvua. Nimemwambia Asimwe nilikosea, pengine linafunguka. Hilo nalo ni uongo, lakini unaelekea nyumbani.

Amenivutia kompyuta yangu kutoka uvunguni. Kielelezo tumetumia video ya mahafali yake, Deo aliipiga kwa simu ileile; nusu yake ni kidole cha Deo. Nimeandika mstari mmoja mara tatu. Kompyuta ni nzee kama mimi, ikipata moto inazima. Nimefunga viini vinne, nimeacha vinne vifanye kazi. Umeme umekatika saa tano. Nimetumia betri ya sola ya Koku, naye amenuna kwa sababu ya redio yake.

Nilikuwa naweza kusema imeshindikana. Mpaka saa kumi nilikuwa bado naweza.

Saa kumi na nusu orodha imekamilika.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitazama peke yangu, Koku yuko shambani kwenye kahawa.

Simu ilirekodi kama ilivyokuwa inaonyesha: mimi nimejaa kioo kizima, Deo ni kidirisha kidogo pembeni. Mwanzo mraba mraba, rangi zinaburuta. Kisha picha ikajikusanya, na mdogo wangu akawa hai, ukubwa wa kibiriti.

Kisha ombi lake. Kisha mimi.

Ni aibu kuliko nilivyokumbuka. Nimetulia kama sanamu ya kanisani. Na nyuma yangu, pazia. Dirisha lilikuwa wazi. Pazia linavimba, linalala, linavimba.

Mtandao ukikwama, picha hukwama yote. Uso hauwezi kusimama na pazia likaendelea. Nilifundisha vijana hilo. Tena programu haitumi picha nzima kila mara. Hutuma kilichobadilika tu. Katika zile sekunde arobaini, kitu pekee kilichotoka chumbani mwangu na kuvuka bahari mpaka kwa ndugu yangu kilikuwa pazia.

Deo hakuliona. Anacheka, anakigonga kioo kwa kucha. Kucheka kwake kulekule, pua inakunjamana. Halafu uso wa Koku unaingia pembeni. Ameinamia mto wa mumewe. Anatazama simu, na macho yake hayako usoni pangu. Yako kando, juu ya bega langu. Yanafuata kitu kinachokwenda na kurudi.

Nimerudisha mara sita.

Ameniosha miguu mwaka mzima.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia. Nilimwita aketi, akaketi kwenye ndoo. Nikasema yote, bila kupumzika, mpaka pumzi ikaisha akanishikia kikombe.

Akasema: "Niliona pazia, shemeji."

Baadaye kidogo: "Aliniuliza, mbona kaka amekwama vile? Nikamwambia, mtandao. Basi ule uongo ukawa wetu wawili. Mwaka huu wote naunywesha uji."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa anangoja niseme mwenyewe, nikiwa bado na sauti. Nikamwambia Jumamosi naweza kukata kipande kile, hakuna atakayejua, ni kazi ya dakika mbili. Akainuka. Nilidhani atanipiga. Ningefurahi.

"Usikate," akasema. "Hapo ndipo anapocheka. Kwingine kote anaumwa."

Akatoka na ndoo yake.

Alhamisi, 13 Machi

Uji bila sukari. Dirisha halikufunguliwa.

Ijumaa, 14 Machi

Vivyo hivyo. Jioni ameniletea blanketi la pili, amelitupa miguuni. Kifua kinabana. Naomba kifike kesho, basi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimebebwa kwenye kiti mpaka sebuleni. Watu wengi, viatu vimejaa barazani. Misa imeisha, wamekula ndizi na maharage, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imezunguka. Asimwe ametandika shuka jeupe ukutani, projekta ameazima.

Nimewaambia kabla. Niliona nikingoja baada ya video nitapata sababu ya kungoja tena. Nimesema: mtakachoona hapo si mtandao. Ni mimi. Aliniita nije, nikajifanya nimekwama. Pazia litawaonyesha.

Nilidhani patakuwa na kelele. Nje kuku alikuwa anaparua.

Video ikaanza. Shuka lilikuwa linapepea kidogo, na mimi juu yake nimetulia, na pazia langu juu ya shuka lao. Watoto wakaanza kucheka, "Tazama babu, tazama mdomo!" Mama yao akawafinya. Kisha Deo akacheka, pembeni kule, na uso wake sasa ulikuwa mkubwa kama ungo. Mzee yule wa msibani alivua kofia. Hakunitazama.

Asimwe alitoka nje. Nilisikia hatua zake zikienda mpaka kwenye tangi la maji, zikasimama. Zikarudi. Macho mekundu. Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye kompyuta, akainama, akasema huku amenipa mgongo:

"Inarudishwaje nyuma, baba mkubwa? Pale anapocheka."

Nikamwonyesha kitufe.

Wameitazama mara nyingi. Sikuhesabu.

Jumapili, 16 Machi

Asimwe ameondoka na basi la asubuhi. Shikamoo aliitoa mlangoni, hakuingia. Marahaba, mwanangu. Sina haki ya kudai zaidi.

Koku ameleta uji. Una sukari. Ameniwekea kiganjani punje mbili za kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopokewa. Sina meno ya kuzitafuna. Nimezishika tu. Tumekaa. Amesema video ameshaipata kwenye simu yake, na kwamba pazia lile lilikuwa baya, rangi gani ile. Nikasema nililinunua kwa bei ya kupunguzwa. Akasema inaonekana.

Jumatatu, 17 Machi

Usingizi mwingi. Sijui kama ni asubuhi moja au mbili.

Dirisha liko wazi. Koku na jirani yake wanapanda maharage kwenye mteremko. Koku safu ya juu, jirani ya chini, anangoja ameegemea jembe. Ukungu unapita kati yao, wanapotea, wanarudi. Nimeziweka punje za kahawa kwenye kingo ya dirisha nizione.

Zamani nilikuwa safu ya juu. Sasa Deo ndiye aliyetangulia. Mimi nangoja afike shimo la pili.