Kwa Shivdulari, Aliyesiriba Nyumba kwa Udongo wa Njano

Mwaka umetimia, Mama Kamlesh, tangu tulipokufikisha ukingoni mwa mto Ganga tukakuwashia moto. Watu wanasema marehemu wa mwaka mmoja ameshatulia. Wewe hukutulia. Adhuhuri nikijilaza nilikuwa nasikia kiganja chako kikisugua sakafu, swaa, swaa. Nikifumbua macho, hakuna mtu.

Ulikuwa mtu wa usafi. Kila sikukuu ya taa, Diwali, ikikaribia ulichanganya samadi na udongo wa bwawani, ukachuchumaa, ukasiriba nyumba nzima kwa mkono, ukirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Alama za kiganja chako zilibaki kama magamba ya samaki. Wapita njia uliwapa mkate kabla yangu, na nikinuna unanicheka: "Baba Kamlesh, wao wanaondoka. Wewe unakwenda wapi?"

Diwali yako ya mwisho bwawa lilijaa maji, udongo haufikiki. Mkaenda wanawake kwenye kilima cha njano nyuma ya kiwanda kilichofungwa, kile kilichopika kemikali za kusindika ngozi za viatu. Hapakuwa na uzio wala kibao cha kuonya. Mwenyekiti wa kijiji mlimwuliza, akawajibu, "Chukueni, mama zangu. Udongo una kosa gani?"

Sakafu ikang'aa. Jirani yetu Rajrani, uliyechimba naye, akasimama mlangoni: "We Shivdulari, nyumba imepakwa manjano kama bibi arusi, unaolewa tena?"

Nawe, mikono imezama kwenye tope: "Huyu mmoja sijamaliza kumfulia, wa pili nimweke wapi?"

Mlicheka mpaka ng'ombe akageuka.

Kisha mikono yako ikatoboka, vidonda vya duara kama vya msumari. Havikukuuma, ukavidharau. Pua ikawa inatoka damu. Bomba letu likatoa maji ya njano, tukaambiwa ni kutu, tukanywa. Ukatapika, ukavimba uso, mkojo ukakatika. Daktari wa mjini Kanpur ndiye aliyetutajia jina la sumu: kromiamu. Ilikuwa kwenye udongo na kwenye maji, ikakuua figo. Mimi sijasoma, lakini najua kilima kile hakikuletwa na upepo. Kuna waliokimwaga, na kuna waliolipwa mshahara wa kutazama, wakatazama pembeni.

Ulipokwisha kuwa majivu ndipo wakaja watu wa serikali, wamefunika pua na kuvaa glavu. Wakasimika kibao kilimani. Wakasimama nje ya nyumba yetu, wakaniambia nivunje sakafu yote, nichimbe hadi kina cha goti.

"Mkono wa mke wangu umo humu," nikawaambia.

"Mzee, huo mkono utakumaliza na wewe."

"Alipokuwa anasiriba mlikuwa wapi?"

Nikawafukuza. Mvua ikinyesha sakafu ilitoa jasho la njano, nami nikalala papo hapo, kiganja changu juu ya chako.

Lakini una mjukuu sasa, Guddi, hukumwona. Mkamwana wako Suman amemlea juu ya kitanda cha kamba. Juzijuzi akaja kwangu, kajifunika uso kwa heshima: "Baba, mtoto anataka kutambaa. Na kila anachogusa analamba."

Nikamwambia Kamlesh alete majembe.

Tulifunga vitambaa puani, Suman na mtoto wakaenda kwao. Tabaka la njano likabanduka vipande vipande. Chini yake tukakuta sakafu yako ya mwaka wa nyuma, ya udongo mwema wa bwawani, na mkono wako umo. Kamlesh akaliacha jembe, akalia. Lakini sumu ilikuwa imeshazama, ikabidi tuendelee. Chini ya hiyo, nyingine, na mkono wako umo. Diwali kwa Diwali tulikuchimba, tukirudi nyuma hadi mwaka ulipokuja ukiwa bibi arusi, kiganja bado kidogo. Chini yake ilikuwa mikono ya mama yangu. Nayo tukaichimba.

Nyumba sasa ni shimo. Nakaa ukingoni mwake kukusikiliza, na husugui tena.

Tunaokulilia: mumeo Jagdev, mwanao Kamlesh na mkewe Suman, mjukuu wako Guddi, dada yako Phulmati, na Rajrani, ambaye siku hizi anaficha mikono yake ndani ya sari.

Tutakutaja siku zote tutakazopewa, Mama Kamlesh.