Helikopta ya kuniokoa imeanguka

Lenah, usicheke. Helikopta iliyokuja kunitoa huku mlimani imeanguka.

Hakuna aliyekufa. Ilikuwa inatua, upepo ukaisukuma, ikalala kwa ubavu kama ng'ombe.

Sasa shida ni mimi. Tangu asubuhi nimelia ati mguu umevunjika, Kiunga wa kwaya akanibeba mgongoni. Kuona tu moshi ukitoka kwenye helikopta, nilitoka mbio nikawapita wanakwaya wote. Wote, Lenah.

Kiunga akanifikia akihema. "Kagwiria, ni mguu gani ulivunjika?"

Nikamwonyesha wa kushoto. Ulikuwa wa kulia.

Rubani ndiye ameumia mguu, wa ukweli. Kiunga amembeba, mimi niko nyuma na mabegi. Na huyo rubani kila saa anageuka kuniuliza kama bado nasikia uchungu.