Ukuta Usiofika Darini

Jumatatu, 8 Agosti 1977

Nimefua tena soksi za baba mkwe. Nimezianika nyuma ya jengo, sehemu ambayo hapiti. Zikikauka nitampa Ambakisye, naye atampa baba yake. Ndivyo kila kitu kinavyosafiri hapa: chai, maji ya kuoga, blanketi la tatu. Mimi kwa mume wangu, mume wangu kwa baba yake. Mkono wangu haufiki.

Siku ya tatu hapa ziwani. Ambakisye amepewa wiki ya mapumziko kwa kuwa fundi bora wa pampu za maji, yeye na familia yake. Nilidhani familia ni mimi. Kumbe alikwenda hadi Tukuyu kumchukua baba yake, eti hewa ya Mufindi itamponya kifua. Hewa gani? Agosti! Ukungu unalala juu ya maji mpaka saa nne, na ukitoka nje meno yanagongana.

Jengo lenyewe lilikuwa zizi la mzungu. Alipoondoka, ng'ombe wakapelekwa kwingine, wakubwa wakaona pafanywe pa kupumzikia wafanyakazi. Wamepaka chokaa, wakaweka vitanda pale waliposimama ng'ombe wa kukamuliwa. Pete za chuma za kuwafungia bado zipo ukutani. Mahori ya saruji hayakuvunjwa. Mfereji wa mkojo unapita katikati ya chumba chetu, unapenya chini ya ukuta, unaingia chumba cha mzee. Na ukuta wenyewe umeishia usawa wa kichwa. Juu ni wazi mpaka kwenye bati. Akigeuka kitandani namsikia. Nikicheka atanisikia. Kwa hiyo sicheki.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, hatamki jina lake. Nyumbani Tukuyu ni rahisi, nyumba zimeachana na migomba ni mingi. Hapa tumepanga hivi: kabla hajatoka, mzee anagonga ndoo kwa fimbo mara mbili, nami nakimbilia chumba kilichokuwa cha maziwa mpaka apite. Muuguzi wa miaka tisa kazini, najibanza nyuma ya mapipa. Wagonjwa wangu wa Iringa wangeniona.

Jumanne, 9 Agosti

Makarani wawili wa chumba cha mwisho wameondoka. Baridi imewashinda. Tumebaki sisi watatu na Lukelo, Mhehe anayetunza nyumba na kutupikia. Leo kaniona nakimbia na sahani mkononi, akauliza kama huyo mkwe wetu ni chui. Nikamwambia anyamaze, mbona wao mama mkwe akikohoa tu wanaruka dirishani. Alicheka hadi akakaa chini.

Mzee hakula viazi. Sahani imerudi ilivyokwenda.

Jumatano, 10 Agosti

Anapumua vibaya. Mchana nimejilaza chali, saa mkononi, nikahesabu pumzi zake zikipita juu ya ukuta. Ishirini na nne kwa dakika. Na amelala tu, hajalima. Saa kumi na moja, ishirini na nane. Kikohozi kifupi, kinakatika njiani, maana yake kinamuuma. Hiki si kifua cha uzee. Ni kichomi.

Nimemwambia Ambakisye twende hospitali. Akaenda kumwuliza baba yake. Nikasikia jibu palepale: ni ukungu tu, utapita. Ambakisye akazunguka, akaja kunieleza jibu hilo kama vile sikulisikia. Ndiyo adabu yetu. Halafu akaniuliza nimejuaje, kwani nimemwona?

Nina hasira mpaka sasa.

Alhamisi, 11 Agosti

Thelathini na nne.

Nilimtuma Ambakisye akatazame midomo na kucha za mzee. Akarudi akasema midomo ni midomo. Mtu anayesikia kasoro ya pampu kutoka ng'ambo ya mto haoni kucha zikibadilika rangi. Nimempa aspirini ampelekee. Ndiyo dawa pekee niliyonayo. Sindano ziko kabatini, Iringa.

Nikasema niingie mimi. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini nilisema. Ambakisye akashika kichwa. Baba, akasema, atakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa kichomi. Kisha akatazama sakafu, akaongeza: unakumbuka ya mwaka juzi.

Nakumbuka. Mwaka juzi nilikutana na mzee uso kwa uso mlangoni pa jiko la shangazi yake Ambakisye. Bahati mbaya tu. Mwezi uleule mimba yangu ikatoka. Hakuna aliyesema neno, ila wote walinitazama. Ilikuwa malaria. Mimi ni muuguzi, najua ilikuwa malaria. Najua kabisa. Na bado, tangu siku ile, nikisikia fimbo yake miguu inakimbia yenyewe.

Gari la kuturudisha linakuja Jumamosi. Ni mbali mno. Alfajiri Ambakisye atakwenda kwa miguu hadi Nyololo, kwenye barabara kuu, atafute gari la kukodi. Naogopa.

Ijumaa, 12 Agosti. Saa tatu asubuhi

Ambakisye ameondoka. Kamwacha Lukelo akae na mzee. Mimi naelekeza kutoka upande wangu wa ukuta, Lukelo anatenda kule. Mwinue. Mwekee mito mgongoni. Mpe maji, kidogo kidogo. Ndiyo mara ya kwanza ninamuuguza tangu tufike. Thelathini na sita, lakini ameketi. Afadhali.

Saa tano

Ng'ombe wa Lukelo wameingia shamba la chai ng'ambo ya ziwa. Wamekuja kumwita, kakimbia. Kasema anarudi sasa hivi.

Jumamosi, 13 Agosti

Niandike mara moja, nisirudie tena.

Lukelo alipoondoka nilikaa ukutani nikihesabu pumzi za mzee. Kisha nikasikia kitanda. Kisha fimbo. Akagonga ndoo mara mbili. Hana nguvu ya kusimama, na bado alinionya nijifiche. Nikajificha. Nikiwa kwenye mapipa nikasikia anaanguka.

Nilirudi ukutani. Alikuwa ameangukia kati ya kitanda na hori, nilijua kwa sababu pumzi zake sasa zilikuja kutoka chini, kwenye mfereji. Kifua kilikuwa kimebanwa. Mgonjwa aliyeanguka hivyo anainuliwa, anaketishwa, basi. Si kazi ya daktari. Nimeinua wanaume wazito mara mbili ya yule.

Akaniita. Mwaka wa saba wa ndoa yangu, hajawahi kusema nami. Alisema kwa Kinyakyusa, polepole, kila neno kwa pumzi yake: "Mwanangu, ingia. Mwiko ni wangu. Nimeuondoa mimi mwenyewe. Ingia."

Nilisikia vizuri. Haikuwa homa inayosema. Nimesikia watu wa homa, hawapangi maneno namna ile.

Nikatoka, nikafika mlangoni kwake. Mlango wa zizi, umekatwa nusu mbili, nusu ya juu ilikuwa wazi. Nilikuwa nimejifunika kanga usoni nisione. Mkono ukashika komeo. Nikawaza: nani atanisadiki? Hakuna mwingine aliyesikia. Nikiingia akafa, nimemwua mimi. Nikiingia akapona, na mimba nyingine ikatoka, itakuwa ni mimi vilevile. Nilipata nafasi ya kuyawaza hayo yote, na mtu anakosa pumzi hatua mbili kutoka miguuni pangu.

Akasema tena, ingia.

Nikaenda kumtafuta Lukelo.

Nilikimbia nikazunguka ziwa, napiga kelele kwa Kiswahili, kwa Kinyakyusa, kwa lugha yoyote. Nilimkuta kwenye chai anawaswaga ng'ombe. Tulirudi tukikimbia. Yeye akaingia, mimi nikabaki nje nimeshika ukuta. Hakukawia. Alitoka amevua kofia.

Ambakisye alifika na pikapu saa tisa. Leo asubuhi tumeondoka na mwili nyuma, Ambakisye amekaa kando yake. Mimi nimewekwa mbele na dereva, nisije nikawa pamoja na mzee. Hata sasa. Tulisimama Chimala dereva anywe chai. Watu walikuwa wanapakia mchele, wanapigiana kelele za bei, na mimi nilishangaa kwamba bado kuna watu wanaopika. Kesho Jumapili, alasiri magari yamekatazwa barabarani ili kubana mafuta, kwa hiyo hatukukaa.

Hapo Chimala Ambakisye alikuja dirishani kwangu. Akauliza kama baba yake alisema lolote mwisho.

Nikasema sikusikia kitu.

Jumatatu, 15 Agosti. Tukuyu

Tumemzika jana. Mvua kutwa.

Baada ya mazishi shangazi alisimama mbele ya watu, akanishika mkono. Ndiye mwenye sauti katika ukoo huu, hata wanaume wanamngoja amalize. Akasema mtazameni huyu, msomi, mtu wa sindano na vidonge, amekaa na kaka yangu ukuta kwa ukuta siku sita, na hakumwona hata unyayo. Alipozidiwa, hakujitia kimbelembele, alikimbia kutafuta mwanamume. "Kaka yangu amekufa na heshima yake," akasema. "Heshima si utumwa, mabinti." Akanifunga kitenge kipya kiunoni kwa mikono yake mwenyewe. Wanawake wakaitikia kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, asante.

Ambakisye alikuwa analia. Alinitazama, na kilichokuwa machoni mwake kilikuwa shukrani.

Ningeweza kusema palepale. Watu walikuwa kimya, mvua ilikuwa imepungua, wangenisikia wote. Baba mkwe aliniruhusu. Aliniomba. Alinisamehe kabla sijakosa, na mimi nikamkimbia. Maneno machache tu.

Nikasema ndaga.

Jumatano, 17 Agosti. Tukuyu

Shemeji zangu hawaniachi nishike kazi. Nikichukua ndoo, wananipokonya. Ninapewa kigoda kizuri. Wanaume wazee wa ukoo wananipisha njia wao, badala ya mimi kuwapisha. Sijawahi kupendwa hivi katika nyumba hii.

Najichukia.

Jumamosi, 20 Agosti. Iringa

Tumerudi. Sili. Ambakisye anafikiri ni majonzi, anazidi kuwa mpole. Jana kanipikia uji. Afadhali angenitukana.

Leo alianza kunieleza habari za utoto wake, jinsi baba yake alivyombeba mabegani kwenda kubatizwa kwa sababu mto ulikuwa umejaa. Alitaka nimjue, kwa kuwa sikuwahi kumjua. Nikamwambia naumwa kichwa. Nikaenda uani nikakaa na kuku.

Ijumaa, 26 Agosti

Kazini. Wagonjwa wengi wa kukohoa, ni msimu. Mganga mkuu ameniambia mikono yangu ni mizuri, hakuna anayechoma sindano kama mimi. Nikaomba ruhusa, nikaenda chooni, nikajifungia.

Nimefikiria kumwandikia shangazi. Nimeandika barua mara mbili. Ya kwanza nilijitetea. Ya pili nilimlaumu yeye, na wazee, na zizi la mzungu. Zote nimezichoma. Ukweli ni mfupi, hauhitaji barua: mlango haukuwa na kufuli.

Jumapili, 4 Septemba

Shangazi ameniletea binti. Tusajigwe, anaolewa Desemba na mtoto wa baba mdogo wa Ambakisye. Alishuka basi la jana na mkungu wa ndizi na barua ya shangazi. Barua inasema nikae naye wiki mbili, nimfundishe kuishi na wakwe, maana kwa sasa hakuna anayejua kuliko mimi.

Ana miaka kumi na tisa. Mcheshi, anauliza kila kitu. Kabla ya ibada alikuwa ameshafagia ua wote. Ananiita dada.

Mchana tumekaa jikoni tunamenya ndizi. Nikamfundisha pa kupita na pa kukaa. Jinsi ya kujifunika. Jinsi ya kupeleka maji bila kuyapeleka mwenyewe. Anashika upesi, akikosea anajicheka. Ambakisye alikuwa uani anatengeneza baiskeli, anatusikia, nafikiri alifurahi kusikia nyumba ina sauti.

Akaniuliza, bila kuacha kumenya, itakuwaje baba mkwe akiugua na nyumbani wamebaki wawili tu.

Kisu kilisimama. Ambakisye naye aliacha kupiga nyundo, au labda alikuwa amemaliza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Nikamwambia atafute mwanamume.

Akauliza, na asipopatikana? Nikasema atapatikana tu. Akaitikia, ndiyo dada. Akachukua ndizi nyingine.