Chumba cha Nne

3 Februari

Kaka,

Pokea salamu za mdogo wako. Mimi ni mzima, isipokuwa jino moja la nyuma ambalo limeanza siasa. Natumaini nawe u mzima, na kama si mzima, natumaini ugonjwa wenyewe haukuzuii kushika kalamu, maana nahitaji saini yako.

Najua miaka kumi na tisa imepita tangu tumzike mama, na muda wote huo hatujaandikiana hata kadi. Usidhani leo nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu ya fomu. Ukurasa wa sita unataka mwombaji wa mkopo wa nyumba alete saini ya ndugu wa damu, athibitishe kwamba mwombaji anafahamika. Nimezalisha nusu ya watu wa kata hii. Wamenifahamu mimi kabla hawajawafahamu mama zao. Lakini hao si ndugu wa damu, kwa hiyo nimebaki na wewe.

Mambo yako hivi. Desemba nastaafu ukunga, na chumba changu nyuma ya zahanati anapewa mkunga mpya. Nyumba ninayoijenga kilimani juu ya shule imefika kwenye lenta, bado paa, na hapo imesimama, kwa kuwa akiba yangu nayo imesimama. Benki iko mwendo wa saa nne kwa basi. Nilikwenda. Wakaniambia hawakopeshi nyumba iliyo mbali na barabara ya lami. Nikamuuliza yule bwana wa dirishani kama akiba zetu wanazipokea zikitoka mbali na lami. Akasema hizo wanazipokea. Nikamwambia, kumbe pesa yetu inajua kutembea kuja kwenu, ni wakati wa kurudi tu ndipo inapoumwa miguu. Akaita anayefuata.

Kilichobaki ni chama cha akiba na mikopo cha wilayani. Afisa wake huja hapa kila Jumanne na meza ya kukunja. Mkopeshaji mwingine hakuna. Hao wakikataa, Januari nitalala chini ya lenta nikihesabu nyota.

Fomu na mchoro wa nyumba vimo ndani ya bahasha hii. Usinipigie simu. Simu ukikasirika unakata. Barua lazima uimalize.

Dada yako


20 Februari

Mdogo wangu,

Hali yangu njema, asante kwa kuuliza hata kama uliuliza kwa ajili ya saini. Barua yako imenikuta juu ya lifti, na nasema juu yake kabisa, kwenye mgongo wake, ghorofa ya tisa, nikipaka grisi. Mlinzi ndiye aliyeniletea. Nikaisoma palepale, nikacheka, halafu nikakumbuka kwamba mimi na wewe siku hizi hatucheki.

Kinachonisumbua ni magoti tu. Miaka thelathini nimepiga magoti mbele ya mashine, sasa yamegoma. Ngazi tatu zinanitosha kwa siku. Fundi wa lifti asiyeweza kupanda ngazi, unajua mwenyewe wenzangu wanavyoufaidi huo utani.

Nimesaini. Palipoandikwa "unamfahamu tangu lini", nimejaza: tangu alipoanza kubisha.

Nina swali moja. Mchoro unaonyesha vyumba vinne vya kulala, na wewe uko peke yako. Vinne vya nini? Mkopo wa viwili ungekuwa mwepesi.

Kaka yako


14 Machi

Kaka,

Salamu tena. Jino limeng'olewa, niko salama. Kaza magoti, na vyumba vyangu niachie mwenyewe. Mimi sijakuuliza lifti zako zina vitufe vingapi.

Mthamini wa chama amekuja. Bwana mpole, ana futi ya chuma na viatu vipya. Akapima kuta, akagonga matofali kwa kidole kama anayekagua tikiti maji, akasema, "Mama, nyumba nzuri. Sasa nionyeshe nyumba tatu zilizouzwa kata hii ndani ya miaka mitano, nilinganishe bei."

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Nyumba za huku mtu anazaliwa ndani, anatoka akiwa amebebwa. Auze lini?"

"Basi yako haina bei."

"Haina bei, au wewe huijui bei?"

"Kwenye fomu ni kitu kimoja, mama."

Akaandika neno moja kwenye kisanduku cha thamani: Haipatikani. Nimejenga kwa mishahara ya miaka sita, kila tofali nalijua kwa sura, halafu nimekuwa Haipatikani.

Nimesoma vitabu vingi vya uchumi kwenye zamu ndefu za wodini kuliko kamati yao nzima, na hakuna kilichowahi kunieleza jambo hili. Mjini nyumba ikibadilisha wenyewe mara tatu, wanasema hapo pana soko, wanakopesha. Sisi tusiohama, ambao mdai wetu atatukuta palepale alipotuacha, na mama zetu wamezikwa nyuma ya ua, sisi ndio wa kuogopwa. Tangu lini anayekaa akawa hatari kuliko anayeondoka? Huyo mthamini nilimweleza yote hayo huku nikimfunga bendeji, maana viatu vilikuwa vimemchuna kisigino. Ugomvi wangu ni na fomu, kisigino hakijanikosea.

Faili limewekwa pembeni hadi zipatikane nyumba tatu. Kikao cha mwisho cha mikopo mwaka huu ni Septemba.

Dada yako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Pole na jino, ingawa namwonea huruma zaidi aliyeling'oa.

Nimesoma uliyoandika kuhusu wanaokaa na wanaoondoka. Sidhani hapo ulikuwa unamwambia mthamini. Nimeipokea, tuendelee.

Sisi tukifunga lifti mpya hatuulizi kama ya jirani ilipanda. Tunaijaza mifuko ya mchanga, tunaipandisha, tunaona. Lakini chama chako hakina mchanga, kina karatasi. Basi wape karatasi. Umeniambia hakuna aliyeuza. Hujaniambia hakuna anayetaka kuuza. Wewe umeingia vyumba vya ndani vya kila nyumba hapo, unajua nani amebanwa na nani ana nafasi asiyoihitaji. Watu huona haya kuanza. Wewe haya hujawahi kuwa nayo.

Kaka yako


9 Juni

Kaka,

Salamu nyingi. Nimekonda kidogo, ni kwa kutembea.

Ulisema kweli, na sitairudia sentensi hii. Ninazo mbili.

Ya kwanza ni ya kinyozi na kaka yake fundi cherehani. Unawakumbuka wenyewe; wewe ukiwa umeshaondoka, walirithi nyumba moja wakaigawa kwa mstari wa chaki katikati ya sebule. Miaka kumi na miwili kila mke anafagia hadi kwenye chaki na kumwachia mwenzake vumbi. Nikabeba kiti changu, nikakaa juu ya mstari, mguu mmoja kwa kila mmoja, nikauliza nani anataka nini. Fundi cherehani akasema angependa kuuza nusu yake akajenge karibu na soko, tangu mwaka wa pili. Kinyozi akaruka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie, uone nakukimbia?"

"Mimi nimeweka pesa miaka saba nikiogopa utasema nakufukuza."

Wakatazamana kama waliopigwa na sufuria moja. Wameandikishana. Mke wa kinyozi alipiga deki ile chaki kabla wino haujakauka.

Ya pili ni ya mwenye duka na yule bibi mjane aliyempangisha. Bibi alitamani kuhamia kwa binti yake, akaona aibu kumtoa mpangaji mwema. Mpangaji alitamani kununua, akaogopa ataonekana anamngojea bibi afe. Nimewapa chai kwenye kibaraza changu, nikawaacha peke yao robo saa. Basi. Bibi ameweka sharti moja tu, akija kutembea akute kiti chake mlangoni mwa duka.

Ya tatu ndiyo tatizo. Mwalimu mkuu mpya wa shule anatafuta nyumba ya kununua. Yeye na mume na watoto watatu wanalala kwenye stoo ya vitabu. Kata nzima ina nyumba moja tupu. Unaijua, na unajua ufunguo wake uko wapi. Aliniomba anuani yako nikampa. Sikuombi kitu. Sentensi iliyofuata hapa nimeifuta.

Dada yako


28 Julai

Kaka,

Natumaini u mzima. Wiki saba hujajibu, na najua kusoma ukimya.

Sentensi niliyoifuta ni hii. Siku ya maziko nilikuambia mbele ya watu kwamba umekuja kama mgeni, na begi dogo. Ulikuwa umesafiri siku mbili bila kulala. Mimi nilikuwa nimemuuguza mama miaka mitatu, na nilitaka mtu wa kumlaumu ambaye bado yuko hai. Ulikuwa karibu. Nilikosea, na nimekuwa nikikosea kila mwaka tangu hapo kwa kutokusema.

Nyumba ya baba iache. Baba alikuandika wewe, na usiiuze kwa ajili ya kisanduku changu cha thamani. Nitapata pa kulala. Mke wa kinyozi ana sebule nzima sasa.

Mdogo wako


17 Agosti

Mdogo wangu,

Mimi mzima kabisa. Nyumba nimeiuza.

Nisamehe kukaa kimya, sikuwa nimekasirika. Nilikuwa nabishana bei na mwalimu mkuu. Mama yule ni mkali kukuzidi. Alinihesabia kwa simu mabati yenye kutu, moja baada ya jingine, na kila bati likashusha bei. Siku ya kumi na moja nilimwomba tupumzike. Lakini ni bei ya haki, ya mtu anayetaka kununua na mtu anayetaka kuuza, na karatasi ziko kwa mtendaji wa kata tangu Ijumaa. Mthamini wako akazisome.

Mwanzo nilifikiri nikupe wewe bure. Halafu nikaiona barua ya kurasa nane ukinirudishia, yote kuhusu heshima. Na kilichotolewa bure fomu yao isingekihesabu.

Kuhusu begi ulikuwa umesema kweli, lilikuwa dogo. Nilipanga kulala usiku mmoja nirudi kazini. Nikafunga mlango nikaondoka na ufunguo, nikijua siku ukitaka kuingia utanitafuta, nami nitajidai kidogo kisha nitakupa. Nikangoja. Kumbe nawe unangoja. Kinyozi na fundi cherehani walau walikuwa na chaki.

Jambo jingine. Ukurasa wa sita unasema "ndugu wa damu au jirani wa karibu". Nimelijua hilo tangu Februari. Nilinyamaza nisije nikaharibu.

Ufunguo huu hapa ndani ya bahasha, mpe mwalimu. Nami nastaafu Desemba, magoti yamenitangulia. Swali la vyumba vinne bado hujalijibu.

Kaka yako


22 Septemba

Kaka,

Keti kwanza. Kama uko juu ya lifti, shuka.

Wamekubali. Mthamini alirudi akiwa na kandambili, amejifunza. Akaweka karatasi tatu kwenye paja lake, akalinganisha, akafuta ile Haipatikani, akaandika thamani kwa tarakimu zilizonyooka. Nikamwambia afute vizuri, neno lisionekane hata kwa chini. Jumanne iliyopita afisa alifungua meza yake ya kukunja nikasaini mara tisa. Mabati yameshafika, fundi yuko juu anapigilia, na nakuandikia chini ya kelele hiyo kwa makusudi. Sijawahi kusikia kelele tamu hivi, na mimi kazi yangu ni vilio vya kwanza vya watoto.

Ufunguo wako haukufungua. Kufuli lilikuwa limeoza ndani, tukamwita mchomeleaji akalikata kwa sekunde chache. Na nilipozunguka nyuma nikakuta dirisha la jikoni halina komeo. Miaka kumi na tisa ningeweza kuingia kwa kusukuma kwa kidole. Watoto wa mwalimu walikuwa ndani wanakimbizana kabla sisi hatujamaliza kushangaa. Nilimwonyesha mwalimu mahali mama yetu alipokuwa akiweka kiti chake. Ameweka chake hapohapo.

Ukurasa wa sita siuzungumzii.

Sasa vyumba. Cha kwanza changu. Cha pili cha vitabu, maana vimenivumilia kwenye maboksi. Cha tatu ni cha wanawake wanaotoka mbali wakingoja uchungu, kwa kuwa mimi kustaafu hakutawazuia kuzaa. Cha nne nilikichora tangu msingi, miaka kabla ya fomu, kabla sijajua kama utajibu au hata kama uko hai. Kilikuwa na ngazi mbili mlangoni. Baada ya barua yako ya magoti nilimwambia fundi asizijenge. Sakafu inanyooka kutoka barazani hadi kitandani, ungeweza kuingia na lifti yako.

Mkopo wa vyumba vitatu ungekuwa mwepesi, najua kuhesabu. Nimechagua mzito.

Mdogo wako


4 Januari, juu ya meza ya jikoni

Kaka,

Hali yako sikuulizi, nimekusikia ukikoroma kupitia ukuta ambao mthamini aliuandika kuwa imara.

Chai iko kwenye chupa, mkate umefunikwa. Mgeni wa chumba cha tatu ameanza uchungu alfajiri, nimemsindikiza zahanati. Mkunga mpya atataka nikae, ingawa hatasema. Leo Jumanne. Afisa wa mikopo akipita, marejesho ya kwanza yako kwenye bahasha chini ya redio. Mkaribishe ndani, aandike risiti kwenye meza yenye miguu minne ya kweli.

Begi lako nimelitoa vitu vyote. Nguo ziko kwenye droo. Begi lenyewe nimelitundika juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mtu wa magoti yako hafiki.

Ukitoka, usifunge mlango. Kufuli sijanunua.

Dada yako