Sombe ya Baba Siku ya Nyama

Mujukuu wangu Asende,

Huku mujini Baraka tuko bazima. Dada yako amezaa mutoto mwanaume, nyumba imejaa kelele, lakini pahali pako pangali wazi. Umeniuliza kwa nini nilirudisha muchele wa yule kandida aliyekuja kutuomba kura.

Nilikuwa musichana, wakati Babeleji balitutawala. Bazee balikaa lubunga, nyumba ya banaume, bachague chefu wa kijiji. Kila siku sisi bamama na babinti tulibapelekea chakula pale. Siku ile mununuzi wa pamba alibachinjia ng'ombe ya Minembwe, kisha akamutaja mutu wake awe chefu. Na kwetu, ukikula nyama ya mutu, huwezi kumupinga siku ile.

Baba akaniita: "Binti, leta sombe ya mama yako."

Alikula yale majani ya mihogo peke yake, akanawa, akasimama. "Huyu atatulimisha pamba pahali pa mihogo, na batoto batalala njaa. Mi simutaki."

Bengine balitazama mikono yao yenye mafuta.

Mutu wa yule mununuzi akapata kiti cha chefu. Baba hakuitwa tena lubunga.

Mpaka leo nikipika sombe, ninatega sikio, labda baba ataniita. Kuja, mujukuu wangu. Sahani yake nimekutunzia.

Koko yako