Bibi, Siku Hizi Najibu Mwenyewe

Bibi yangu,

Mungu alitie nuru kaburi lako. Sijaanguka tena tangu Ramadhani. Najua hilo ndilo ungetaka kulisikia kwanza.

Tangu uondoke, Shangazi Salama ndiye anayenipeleka hospitali ya Chake kuchukua dawa zangu za kifafa. Kutoka Mtambile njia ni ile ile, karafuu zimeanikwa kando ya barabara. Kilichobadilika ni kule ndani kwa nesi.

Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya? Nesi anauliza, unajibu weye: "Hajambo, alhamdulillahi. Anakula, anasoma, hivyo vitabu vitamtoa macho." Mie naangalia miguu yangu. Kila mgonjwa pale alikuwa na mtu wake wa kumjibia, nami nilifurahi, unajua nilivyo mbele ya watu.

Safari moja Bi Rukia, yule nesi, alikuwa na maswali mapya. Sasa kila mwenye kifafa anaulizwa na habari za moyo wake. Akaniuliza kama bado naona raha katika vitu nilivyovipenda. Shangazi akadakia, "Alhamdulillahi, huyu hana tabu. Kimya chake ni hayo maradhi yake tu." Nesi akauliza kama nalala vizuri. Nikajibu mwenyewe, "Alhamdulillahi."

Bi Rukia akacheka. "Sote twamshukuru Mungu, mwanangu. Mie nimeuliza usingizi." Kisha akamgeukia Shangazi. "Bi Salama, weye nawe una kifafa? Basi kapunge upepo pale barazani."

Tulibaki wawili.

Nikamwambia, Bibi. Kwamba tangu tukuzike nakaa na ukurasa mmoja mpaka adhana, na sijui nimesoma nini. Kwamba naamka kabla ya alfajiri, kifua kizito. Kwamba darasani najiona mzigo kwa aliyekaa karibu nami. Akaniuliza taratibu kama huwa natamani kufa. Nikasema la, ila kuna asubuhi nilitamani nisingeamka. Sikujua kuwa hilo nalo ni jibu.

Hakushtuka, wala hakunipa mawaidha. Alisema huzuni hii huwapata wengi wenye kifafa, kwamba si shetani wala si kukosa shukrani, na ina tiba yake. Siku ile ile akanipeleka kwa daktari, akamwita na Shangazi, tukaelezwa pamoja. Shangazi alilia kidogo. Nawe ulikuwa ukisema ukimya wangu ni maradhi tu. Sikulaumu, Bibi. Mie mwenyewe sikukwambia.

Sasa nina siku zangu za kwenda kuzungumza na daktari. Shangazi hunisubiri barazani, na tukitoka huniuliza, "Leo umesema kweli, au umenitia aibu kwa alhamdulillahi zako?" Nacheka. Asubuhi nyingine bado ni nzito. Lakini jana nilimaliza kitabu. Chembamba, ila nimekimaliza.

Ile kanga uliyokuwa ukiikunja mkobani, ya kunifunika nikianguka njiani watu wasinitazame, sasa naibeba mwenyewe. Sijaifua. Bado ina udi wako.

Pumzika, Bibi. Nakuahidi jambo moja: nikiulizwa hali yangu, nitamshukuru Mungu kama ulivyonifunza, kisha nitajibu swali.

Mjukuu wako